Ndiyo, ni mimi ninayebaki na mtoto

Juzi baba mdogo alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la ukoo. Amesikia, anasema, kwamba nimekaa nyumbani nalea mtoto na mke wangu ndiye anayetoka alfajiri kutafuta. Akauliza mbele ya shangazi, wajomba, wakwe na kila mtoto mwenye simu: tulimsomesha huyu aende Ulaya akawe marioo? Binamu mmoja akaongezea kwamba hilo ni limbwata tu, halina jina jingine. Wengine wakaweka vicheko. Mama yangu yumo humo grupuni, na hakusema kitu.

Nilianza kujibu pale pale, nikafuta. Nimeona niandike hapa kwa nafasi, kwa sababu wanaowaza kama baba mdogo ni wengi, na baadhi yao wanajiandaa kuja huku na wake zao. Bora wajue mapema.

Kwanza, sijaacha kazi. Naendesha mabasi ya abiria hapa Göteborg, Uswidi, na nafasi yangu inanisubiri. Niko kwenye likizo ya wazazi, nalipwa, na malipo hayo yanakatwa kodi kama mshahara. Mtoto akizaliwa Uswidi, wazazi wanapewa siku 480 za malipo za kugawana. Siku 390 zinalipwa kwa kufuata kipato chako, karibu asilimia 80, ingawa kuna kiwango cha juu ambacho hakivukwi. 90 zilizobaki ni krona (pesa ya huku) 180 tu kwa siku. Na ndani ya zile zinazofuata kipato, siku 90 zina jina la baba na 90 zina jina la mama. Baba hawezi kumwachia mkewe zile zake. Asipozitumia, zimekufa. Kwa hiyo mwanaume wa huku anayesema hawezi kukaa na mtoto ametupa miezi mitatu ya malipo ya familia yake. Nani kati yenu mnaocheka angeitupa?

Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alizaa, akakaa na mtoto mpaka akakaribia mwaka, kisha akarudi kazini, na mimi nikashika zamu yangu. Ndivyo tulivyopanga tangu mimba ikiwa changa, tumekaa jikoni na karatasi na kalamu. Hakuna aliyenilazimisha wala kunitilia kitu kwenye chai.

Watu wa nyumbani wanadhani Waswidi walizaliwa hivi, kwamba mwanaume wa Kizungu ni laini tangu tumboni. Si kweli hata kidogo. Mpaka miaka ya 1960 mama wa nyumbani alikuwa jambo la kawaida huku. Kilichobadilika kwanza ni kazi: viwanda vilihitaji watu, serikali ikajenga hospitali, shule na nyumba za wazee, na mikono ya wanaume haikutosha. Mwaka 1971 wakaacha kutoza kodi ya mume na mke kwa pamoja, kila mtu akawa anakatwa kwa mshahara wake. Kabla ya hapo mke akifanya kazi, kipato chake kilirundikwa juu ya cha mumewe na kodi ikameza sehemu kubwa, kwa hiyo kwa wengi ilikuwa nafuu abaki nyumbani. Mwaka 1974 wakafuta likizo ya mama peke yake wakaweka likizo ya wazazi wote wawili, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mnajua wanaume wa Kiswidi walifanya nini? Hawakuichukua. Karibu siku zote zilichukuliwa na wanawake, na wanaume waliogopa kuchekwa na wenzao kazini kama mnavyotaka niogope mimi. Ikabidi serikali ibandike matangazo yenye picha ya Lennart Dahlgren, mnyanyua vyuma aliyekuwa na mikono mithili ya magogo, amempakata mtoto mchanga, ili wanaume waone kwamba kubeba mtoto hakumpunguzii mtu kitu. Hata hilo halikutosha. Mwaka 1995 ndipo wakatenga mwezi mmoja ambao baba asipouchukua unapotea, 2002 ukawa miezi miwili, 2016 ikawa mitatu. Hadi leo akina baba wanachukua karibu theluthi moja tu ya siku zote.

Naeleza haya yote ili ieleweke kwamba hapa hakuna damu wala rangi. Ilikuwa hesabu ya kodi, uhaba wa wafanyakazi na sheria iliyomminya mwanaume mfukoni. Mioyo ilifuata baadaye, taratibu.

Na kwetu je? Hivi kweli tumesahau miaka ya themanini? Mimi nilikuwa mdogo, Tanga, baba ni mtumishi wa shirika la umma mwenye kitambulisho na suruali iliyopigwa pasi. Mshahara wake ulipoanza kuyeyuka, sukari ya foleni, sabuni ya kugawana, mama alianza na vitumbua. Baadaye akaongeza bagia, baadaye vitenge, baadaye akawa anashika pesa za upatu wa mtaa mzima. Serikali ilipokubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1986 na mashirika yakaanza kupunguza watu, baba alirudishwa nyumbani na barua. Tangu hapo tulikula, tukavaa na kulipiwa ada kutoka kwenye kile kitambaa mama alichokuwa anafunga pesa. Na haikuwa nyumba yetu peke yake. Mitaa mizima ya Tanga na Dar es Salaam ilivuka miaka ile kwa biashara ndogo za wanawake, wakati mshahara wa baba haufiki hata tarehe kumi. Lakini mgeni akija, mwenye nyumba ni baba. Paja la kuku ni la baba. Mama alimwekea pesa mfukoni kimya kimya ili ndugu zake wakija aonekane ndiye anayetoa.

Sasa nisikilizeni. Baada ya ule ujumbe wa grupuni, mama alinipigia. Hakuzungumzia ujumbe. Aliuliza mtoto anakula nini, anaharisha au haharishi, nimempaka mafuta gani kwenye baridi hiyo. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwaka aliolazwa hospitali ya Bombo, mdogo wangu alikuwa bado wa nepi za kitambaa. Baba alizifua yeye. Alikuwa anafunga mlango wa uani kwanza ndipo anafua, na alizianika usiku, akazianua kabla ya adhana ya alfajiri ili majirani wasizione kwenye kamba. Kupika alipika, kuogesha alituogesha. Mama aliporudi, baba alimwomba asimwambie mtu, na hakumwambia mtu mpaka juzi, wakati baba yuko kaburini miaka mingi.

Hilo limeniuma kuliko matusi ya grupuni. Mwanaume anafanya jambo jema kabisa, anawalea wanawe, halafu analificha kama mwizi.

Kuna kitu kingine ambacho katika mabishano haya hakitajwi, nacho ndicho kinachonikera zaidi. Mwanaume wa Dar anayejisifu kwamba hajawahi kushika ufagio, ufagio huo umeshikwa na nani? Si mke wake. Mke wake yuko kwenye mwendokasi tangu saa kumi na mbili anawahi Posta, anarudi saa mbili usiku. Ufagio umeshikwa na dada wa kazi. Binti wa watu, kaletwa kutoka Lushoto au Singida, mara nyingi hajamaliza hata kukua, analala chumba cha watoto, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa ndani anayeishi kwa mwajiri, na sote tunazijua nyumba ambazo hata hiyo haitoki, au inatumwa kwa wazazi wake yeye asiione. Uanaume wetu wa mjini umesimama juu ya mgongo wa msichana huyo. Mtoeni mwezi mmoja muone kama hamtashika ufagio.

Mimi huku sina dada wa kazi na siwezi kumpata. Kumwajiri mtu mzima akae kwangu mchana kutwa amlee mtoto, kwa viwango vya huku na kodi zake, mshahara wangu wote ungekwenda na bado nisingemmaliza. Bibi hayupo. Tangu Julai 2024 sheria inamruhusu mzazi kumgawia mtu mwingine, hata babu au bibi, mpaka siku 45, lakini huyo bibi awe na bima ya jamii ya huku. Bibi zetu wako Tanga na Bukoba. Shule ya awali haimpokei mtoto kabla hajafikisha mwaka mmoja. Basi niambieni, kazi iliyobaki inafanywa na nani kama si mama na baba?

Na ni kazi. Niseme wazi, maana wanaoniita mvivu hawajawahi kuifanya. Asubuhi ya Januari nje ni nyuzi 8 chini ya sifuri na bado giza. Unamvalisha mtoto nguo ya ndani ya sufu, soksi mbili, sweta, halafu ile ovaroli nene ya baridi yenye zipu ndefu, halafu kofia, halafu glovu ambazo anazivua kwa meno huku unamfunga viatu. Ukimaliza unasikia harufu, unaanza upya. Unasukuma kigari kwenye theluji iliyoganda mpaka kwenye kile kituo cha wazi ambako wazazi walio likizo wanakaa na watoto wao bila malipo, wanaimba, wanakunywa kahawa. Siku ya kwanza nilijua nitakuwa mwanaume peke yangu. Nilikuta mwashi mmoja wa Kiswidi, Msomali mwenye mapacha, na mtaalamu wa kompyuta kutoka India. Tulikaa sakafuni tukazungumza vipele vya nepi na meno kama vile pale kijiweni tunavyozungumza Simba na Yanga. Mwanangu alisimama mwenyewe mara ya kwanza pale, akiwa ameshika goti langu. Nilikuwepo. Baba yangu, pamoja na kutupenda, hakuna hata mmoja wetu ambaye alimwona akisimama mara ya kwanza.

Nitasema na hili la pesa, kwa sababu naamini ndilo lililomkasirisha baba mdogo, si mtoto. Malipo ya likizo ni pungufu ya mshahara, kwa hiyo nilipunguza ninachotuma. Nilimweleza kabla. Zamani tulituma zaidi kwetu kuliko kwa kina mke wangu, kwa sababu ndivyo tulivyozoea: mtoto wa kiume analisha kwao, mtoto wa kike kaolewa. Lakini sasa mke wangu ndiye anayeleta kikubwa nyumbani, na mama yake Bukoba ana magoti mabovu na hospitali zake ni za kulipia. Tumekubaliana kila upande upate sawa. Ada ya chuo ya binamu yangu, yule yule wa limbwata, muhula uliopita imetoka kwenye akaunti ya mke wangu. Alilipa siku ile ile iliyotakiwa, na mpaka leo hakuna aliyempigia kumwambia ahsante, simu za shukrani zilikuja kwangu.

Nisiwadanganye kwamba huku kila ndoa inapendeza. Nimeona ndoa za Watanzania na Wakenya zikivunjika moja baada ya nyingine, na maneno ya wanaume ni yale yale: wanawake wakifika Ulaya wanabadilika, wanapewa haki mpaka wanapanda kichwani. Nimekaa na baadhi ya ndugu hao, nimewasikiliza. Wengine wana maumivu ya kweli. Mtu alikuwa afisa nyumbani, ana digrii na dereva wa ofisi, anafika huku lugha hajui, mkewe anapata kazi ya kutunza wazee ndani ya miezi michache kwa sababu wanahitajika, yeye anaosha vyombo hotelini au hana kazi kabisa. Hakuna aliyemwandaa. Akipiga simu nyumbani anaongea kibosi kwa sababu anaona aibu, akikata anabaki amekaa. Huyo namhurumia.

Lakini wapo wengine, na hao siwahurumii. Mwanaume anashika kadi ya benki ya mkewe. Mke anarudi kutoka zamu ya usiku, amegeuza wazee vitandani mpaka mgongo umekufa, anakuta sinki limejaa na mtu anauliza chakula kiko wapi. Posho ya mtoto, krona 1,250 kwa mwezi, kwa watoto waliozaliwa tangu Machi 2014 inagawanywa nusu kwa baba na nusu kwa mama, na bwana anataka zote zipite kwake. Huko nyumbani mwanamke huyo angevumilia kwa sababu akiondoka hana pa kwenda, kaka zake watamrudisha. Huku ana mshahara, anaweza kupata nyumba, na akienda mahakamani haulizwi alitolewa mahari gani. Hajabadilika. Alikuwa hivyo siku zote, ila hakuwa na mlango.

Na dada zangu nao niwaambie, kwa heshima. Wapo wanaotaka mume aoshe vyombo kwa mkataba wa Uswidi na alipe kodi ya nyumba yote kwa mkataba wa Tanga. Mshahara wa mume ni wetu, wangu ni wangu. Hilo nalo limevunja nyumba nimeliona. Ukitaka kugawana, gawaneni vyote.

Nyumbani sheria yenyewe bado inatuvuta pande mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtwika mume jukumu la kumtunza mke, na mke mwenye uwezo anamtunza mume pale tu ambapo mume hajiwezi kwa maradhi ya mwili au ya akili. Ile ni sheria ya nyumba ambayo baba ana mshahara na mama hana, na nyumba za namna hiyo siku hizi ni chache mno. Lakini Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, ilishatamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu siku ile, lakini wanawake wengi baada yake wamesimama juu ya kesi yake. Yaani majaji walikwishasema zaidi ya miaka arobaini iliyopita kwamba kupika na kulea ni kazi yenye thamani, sisi bado tunaiita aibu mwanaume akiifanya. Na likizo ya baba kwa sheria yetu ya kazi ya 2004 ni angalau siku 3. Kenya, kwa sheria yao ya 2007, ni wiki mbili. Siku 3! Mke akijifungua kwa upasuaji bado hajaweza hata kuinuka vizuri kitandani, baba amesharudi ofisini.

Sasa kwa wanaojiandaa kuja. Huku hakuna pesa za bure zinazoanguka tu. Ili ulipwe kwa kufuata kipato katika siku 180 za mwanzo, lazima uwe umefanya kazi siku 240 mfululizo kabla ya mtoto kuzaliwa, na kwa kipato kinachotosha. Kinyume cha hapo utapewa krona 250 kwa siku, na kwa kodi za nyumba za Göteborg hiyo haikufikishi popote. Mkija na mtoto ambaye tayari amezaliwa, msihesabu siku 480: akiwa ametimiza mwaka mmoja mnapata 200, akiwa amepita miaka miwili mnapata 100. Wengi wamefika wakiwa wamepiga hesabu ya kukaa likizo ndefu na wameumia. Mke aanze kutafuta kazi siku ile ile unayoanza wewe, usimweke ndani akujengee heshima. Nyumba ya mshahara mmoja huku inazama. Lugha msome wote wawili, na mkipokezana mtoto ili mwenzako aende darasani hiyo nayo ni kazi.

Na wewe kaka, siku zako 90 zichukue zote. Mkuu wako wa zamu anaweza kukunja uso, wangu alikunja, akaniuliza kama mke wangu hawezi kuendelea kidogo. Hana uwezo wa kukukatalia. Unatakiwa tu kumjulisha angalau miezi miwili kabla ya tarehe unayotaka kuanza. Mjulishe kwa maandishi, weka nakala, kisha ombi la malipo unalituma mwenyewe Försäkringskassan, ofisi ya bima ya jamii ya huku. Ukikwama kwenye fomu niandikie, nitakuelekeza sehemu kwa sehemu.